Pelagia, Marehemu wa Kamati

Haya ninayoandika hamtayaamini, wala sitawalaumu. Hata mimi Zenek, niliyemaliza darasa la saba kwa kurudia mara mbili tu, nisingeyaamini kama marehemu mwenyewe asingekuwa ameketi mbele yangu sasa hivi akimenya viazi. Ni shemeji yangu Pelagia, mjane wa kaka yangu Hilary. Kila sentensi nikiimaliza namsomea. Hajacheka hata mara moja, mwanamke mgumu huyu.

Alizaliwa Wolinia, mashariki kule tulikotoka sote kabla treni za kubebea ng'ombe hazijatumwaga hapa, baada ya vita, kwenye nyumba walizoacha Wajerumani. Wakati wa vita alikuwa mtoto, ndiyo kwanza ametoka kupokea Komunyo yake ya kwanza. Mdogo wake, Tekla, aliililia nguo nyeupe ya Komunyo ya dada yake tangu siku ya sherehe. Jumapili moja ya Julai Pelagia akachoshwa na kelele, akamvisha. "Haya, vaa, ufe nayo!" Kisha akaenda zake msituni kuchuma matunda.

Wanamgambo wa Kiukraini wakaingia kijijini na mashoka. Hawakuwa wageni, mmoja aliwahi kupiga fidla kwenye harusi ya shangazi wa Pelagia. Uani kwa kina Pelagia hawakumwacha mtu. Tekla walimpiga shoka usoni.

Jirani mmoja aliyenusurika ndiye aliyewafukia. Uso ule usingetambuliwa na mama mzazi, lakini nguo ya Komunyo nani asiyeijua? Mwaka ule aliyepokea ni Pelagia. Basi jirani akasema huyu ni Pelagia, na Tekla, kwa kuwa hakumwona, akadhani amekimbia.

Miaka ikaenda, yale mambo yakaruhusiwa kusemwa. Kamati yetu ikasimamisha jiwe la granite makaburini kwa ajili ya waliouawa kule, mwenyekiti akiwa Ludwik Baran. Majina walipewa na yule jirani, wakati huo kizee wa mji wa mbali ambaye hakuwahi kuonana tena na Pelagia, naye akafa kabla jiwe halijachongwa. Shemeji hakuulizwa. Mambo ya kule haongei, na hapa kila mtu anamjua kwa jina la mumewe.

Siku ya uzinduzi padri akavuta kitambaa, na Pelagia akasoma jina lake la usichana: Pelagia Szpak. Tekla hayumo.

Dukani ikawa balaa. "Ee marehemu, leo mkate mmoja au miwili?" Utani huo ni wangu, msimpe sifa mtu mwingine. Wengine wakadakia: "Mpisheni foleni, ana haraka ya kurudi chini!"

Akamwendea Baran.

"Mwenyekiti, aliyelala kule ni Tekla. Mwandikeni Tekla."

"Mama, granite haifutiki kama ubao wa shule. Tena umri wako huo! Subiri kidogo tu, jiwe litakuwa sahihi lenyewe."

"Mimi nitakufa kwa wakati wangu. Yeye hana jina popote duniani."

"Shahidi aliapa ni Pelagia. Ulikuwa mtoto, ulichanganyikiwa. Huenda wewe ndiye Tekla."

Alirudi nyumbani mweupe kama jibini. Nikamuuliza kulikoni. "Ameniua tena," akasema, akaenda kukamua ng'ombe.

Sasa, kwetu hapa mjane huchongesha jina lake mapema pembeni mwa mumewe, mwaka wa kuzaliwa na kistari, halafu kila vuli anajipalilia kaburi mwenyewe. Upande wa Pelagia kwenye jiwe la Hilary ulikuwa bado mtupu. Akamwita mchonga mawe, akamwamuru aandike hapo: Tekla Szpak, na Julai ile.

Nikaruka. "Shemeji, una akili? Unamlaza kaka yangu na mtu asiyemjua!"

"Hilary anamjua," akajibu. "Alimsikia kila usiku kinywani mwangu."

Siku ya Watakatifu Wote kijiji kizima kikaja makaburini na maua na taa zake za mishumaa, kujifanya kinasali, kumbe kinatazama. Wanawake wakanong'ona kwa sauti ya kusikika: "Maskini Hilary, kaongezewa mke!" Baran naye akafika, kofia mkononi.

"Haya, mama. Nafasi yako umeigawa. Wewe utawekwa wapi?"

"Mimi nimeshazikwa na kamati."

Na hapo ndipo Baran, mbele ya padri na mbele ya macho yangu haya mawili, akapiga magoti kwenye matope, akashika upindo wa koti la shemeji, akalia kama ndama, na mbingu yenyewe ikaanza ku—

"Zenek, koma. Hakupiga magoti. Alicheka, akaniomba kiberiti, akaenda kuwasha taa kwenye jina langu, pale kwenye jiwe la kamati."