Ufunguo wa Sista Damaris

Ghala la dawa lilikuwa na ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo ulikaa shingoni mwa Sista Damaris Ndulu. Tangu alipotoka Makueni, miaka kumi na minne iliyopita, akapewa kuisimamia zahanati moja karibu na Munje, alikwenda nao kliniki, kanisani, hata sokoni Msambweni. Mishi, muuguzi mwenzake, alikuwa ameuomba mara nyingi. Jibu halikubadilika: "Nitakupa ukizoea." Mishi alikuwa katika mwaka wake wa nne wa kuzoea.

Ikaja kozi ya mtandaoni ya viongozi wa vituo vya afya. Damaris aliipenda mno. Alinunua daftari jipya, na kila alichofundishwa akakipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Katika kipindi cha mwisho, kila mwanafunzi angeeleza jinsi anavyowagawia wenzake kazi. Sharti lilikuwa moja: atakayeondoka mbele ya kamera kwa jumla ya zaidi ya dakika kumi hapati cheti, na bila cheti, usimamizi wa zahanati ungepewa mtu mwingine.

Mtandao ulishika vizuri nyuma ya tangi la maji tu. Damaris akaweka kiti hapo, akaiegemeza simu kwenye ndoo.

Robo saa haijatimia, Mishi akaja: dawa ya mtoto anayeharisha imekwisha kwenye dirisha la kutolea dawa. Damaris akaomba radhi, akakimbia, akafungua, akafunga, akarudi. Mara ya pili ikawa glavu. Mara ya tatu, sindano za chanjo. Darasa zima likakizoea kiti kitupu na kuku aliyekuwa akikipanda. Mkufunzi, Bwana Kisilu, akamjulisha kwa upole kwamba amebakiwa na dakika moja.

Zamu yake ikafika. Alikuwa ameshasoma sentensi mbili kuhusu kuwaamini wafanyakazi, kwa sauti yake nzuri ya kanisani, Mishi alipotokea tena.

"Samahani, sista. Bi Subira anangoja dawa yake ya presha."

Damaris akanyanyuka nusu. Kwenye simu, nyuso ishirini zilikuwa zikimtazama.

"Endelea tu, Dada Damaris," akasema Bwana Kisilu. "Ulikuwa unasema unawaamini."

Akakaa. Akauvua ufunguo polepole, kamba ikanasa kwenye hereni, akainasua, akaunyosha mkono. Mishi hakuupokea mara moja.

"Niurudishe saa ngapi?"

"Kaa nao."

Cheti kilifika baada ya wiki mbili, akakitundika mahali ambapo kila mgonjwa angekiona. Asubuhi hiyohiyo akahitaji glavu. Mkono ukapanda kifuani wenyewe, usikute kitu. Akaenda kupiga hodi ghalani, na Mishi, aliyekuwa akipanga maboksi, akamwomba angoje kidogo nje. Damaris akauliza kama hawezi walau kuchongewa ufunguo wa pili.

"Nitakuchongea, sista," akasema Mishi bila kuinua kichwa, "ukizoea."