Kabureta Mbili Zilivyomtimua Mchumba wa Nyota

Siku uchumba wa binti wa kaka yangu ulipovunjika, tulikuwa katikati ya University Boulevard, tumevaa vitenge vya sherehe, tunanuka petroli kama vibatari.

Ngoja niwasimulie mwenyewe, maana kanisani huko imeshaongezwa chumvi.

Naitwa Leokadia, naishi Springfield, huku ughaibuni. Kaka yangu Gregori yuko Gaithersburg, mtu wa kompyuta. Mvi zilipoanza kumtoka, wenzake walinunua viwanja nyumbani.

Yeye akanunua Ford la zamani. Akalikata paa, akalipaka rangi nyekundu.

"Hii ni hot rod, dada, gari la kale lililotengenezwa upya kwa mbio."

"Mimi naona mkweche."

Akaninunia wiki nzima.

Basi mkweche ulibakiza kitu kimoja, kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Gregori alitaka kufunga mbili. Alisoma mpaka macho yakawa mekundu, akaamua mbili ndogo zinatosha. Injini yenyewe kizee, alisema, ukiilisha sana itapaliwa.

Jirani yake Kiprotich, Mkenya ambaye hata boneti hajawahi kuifungua, naye akatoa hukumu.

"Weka moja tu, bro. Hizo mbili ni za kujishow."

Ndipo akaja Yohan, mchumba wa Nyota, binti pekee wa kaka. Kijana wa miwani ya jua hata sebuleni.

"Baba, weka zile kubwa, zitokeze juu ya boneti. Ndogo zitatutia aibu kwenye picha."

Baba! Mkwe mtarajiwa kamwita baba! Kaka yangu akalegea kama mlenda.

Akafunga kubwa mbili.

Siku ya send-off, sherehe ya kumuaga Nyota, tukatoka kwa mngurumo kwenda ukumbini. Gregori kwenye usukani, Yohan pembeni anajirekodi, nyuma mimi na Nyota. Kule barabara kuu ya I-270, sitadanganya, gari lilipaa. Nikaanza hata kusifia.

Tulipofika Adelphi, kwenye University Boulevard, tukakutana na foleni. Sasa kwenda polepole na makabureta yale ni balaa. Petroli ikamiminika kuliko injini inavyoweza kuunguza. Moshi mweusi puu! Gari likakohoa, likazima. Taa ya kijani, honi nyuma yetu kama nyuki waliochokozwa.

"Tushuke tulisukume pembeni," Gregori akasema.

Yohan akatazama viatu vyake vyeupe. "Mimi? Na suti hii?"

Kaka akashuka peke yake, na magoti yake yale mabovu, akaanza kusukuma.

Nyota akamgusa mchumba wake bega. "Yohan, help my dad."

"Nilimwambia aweke ndogo," Yohan akajibu kwa sauti, mpaka magari ya jirani yakasikia. "Mzee mbishi. Anapenda sifa."

Mimi ninyamaze? Thubutu!

"Wee! Si wewe uliyesema ndogo ni aibu?"

Alikuwa anaita teksi kwenye simu.

Gregori aliinamisha uso kwenye bati lake jekundu, akaendelea kusukuma. Hapo ndipo roho iliponiuma.

Teksi ikaja. Nyota akavua pete, akamtumbukizia Yohan kwenye mfuko wa koti, taratibu kabisa.

"Your ride is here."

Yohan akacheka, akidhani utani. Akapanda, akaondoka.

Binti akavua viatu, akakunja gauni, akaja kusukuma karibu na baba yake. Nami nikatia bega.

Tulipofika ukumbini, pilau lilikuwa limeshaiva. Gregori akashika kipaza sauti, mikono myeusi tii: "Ndugu zangu, leo hatumuagi mtu. Kuleni."

Nyota alikula sahani mbili huku analia. Kisha akacheza.

Siku hizi gari lina kabureta ndogo mbili, limetulia. Kaka anawaambia watu zile kubwa alizifunga makusudi ili ampime mkwe. Mwongo mkubwa yule!

Lakini kuna walioamini. Juzi mama Anysie, Mkongomani wa kwaya yetu, alinivuta pembeni baada ya ibada.

"Shangazi, zile carburateur za kubwa, kaka yako angali nazo? Aniazime. Binti yangu Tania iko na fiancé."

Wenye mabinti, mkwe mtarajiwa akikuita baba usiyeyuke. Mpandishe kwenye gari bovu, subiri lizime, halafu tazama mikono yake inakwenda kwenye bampa au kwenye simu.