Viatu vya Mtoto wa Dada

Juzi nilipita Kansanga kwa miguu, mbele ya yale maduka ya barabarani, jambo ambalo nilikuwa nimelikwepa kwa karibu mwaka mzima. Sababu ya kulikwepa nitakueleza, rafiki yangu, ingawa ulimi unasita. Mimi na binti yangu tulikuwa tumetoka kwa daktari wa meno, na kile kichochoro cha nyuma ninachokitumia siku hizi kilikuwa kimejaa maji ya mvua. Nikasema liwalo na liwe, tukashika barabara kubwa.

Hoteli ya mama wa maharage ndiyo iliyonigutusha kwanza. Mabenchi yote yameondolewa. Mahali tulipokuwa tukikaa na kugombania pilipili pamejengwa kaunta yenye kidirisha, na mbele yake walikuwa wamesimama vijana wa boda sita au saba, masanduku mgongoni, macho kwenye simu. Harufu ilikuwa ileile ya maharage yaliyoungwa kwa vitunguu vingi. Lakini hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa anakula. Mlango wa pili, uliopakana na hoteli, sikuutazama. Nilijua ni wa nani.

Sisi tulilelewa katika kambi ya polisi, kilimani. Baba alikuwa polisi kutoka Kitgum, mama alitoka Arua, wakakutana katika Kiswahili cha kambi na wakatuzaa humohumo. Tulikaa kwenye kibanda cha mabati cha mviringo, mchana tanuri, usiku barafu, na kazi yangu kila Jumamosi ilikuwa kung'arisha buti za baba mpaka nijione meno. Baba aliamini kwamba mtu hutambulikana kwa viatu. Mwalimu akisema mtoto fulani ni mzembe, baba aliuliza kwanza, "Kiatu yake iko namna gani?"

Kwa hiyo ile wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa ilikuwa sikukuu yetu ya tatu, baada ya Krismasi na Pasaka. Baba alitupanga mstari, dada yangu mbele, kaka katikati, mimi kitinda mimba mkiani, tukateremka kilima mpaka Kansanga kwa mama wa viatu.

Mama wa viatu alikuwa Mkongo wa Bukavu. Vita vilimfukuza kwao akiwa na watoto wawili na begi moja. Duka lake lilikuwa chumba chembamba, maboksi yamepangwa hadi darini, benchi moja, na chini ya benchi beseni la bluu na taulo. Chumba kilinuka ngozi mpya na gundi, na kwa kuwa ukuta wa upande mmoja ulikuwa wa mbao tu, kilinuka pia maharage ya jirani. Hadi leo nikisikia harufu ya gundi ya viatu naona njaa.

Sasa sikiliza. Kabla hujajaribu kiatu chochote, mama yule alikuosha miguu. Sisi watoto wa kambi tulifika na vumbi jekundu hadi magotini, na yeye hakukunja uso. Alipiga magoti sakafuni, akachukua mguu mmoja, akausugua kwa maji ya vuguvugu, akaukausha kidole kwa kidole. Mara ya kwanza mama yangu aliona aibu, akamwambia aache, watoto watajiosha wenyewe. Yeye akacheka tu. "Mama, nitaijua aje mguu kama siishike?"

Hakuuliza saizi, wala hakuwa na kipimo. Alikiweka kisigino kwenye kiganja chake, akabonyeza kidole gumba, akafumba macho kidogo, kisha akainuka na kuvuta boksi moja kati ya mia. Mara nyingi lilikuwa ndilo. Baada ya hapo alitandika makatoni barabarani, kutoka mlangoni pake hadi mlangoni pa mama wa maharage, ili soli mpya isichafuke, nawe ukaamriwa kutembea. Baba alisimama kando kama yuko kwenye gwaride. "Kichwa juu! Angalia mbele! Kiatu haiko mayai!" Mama wa maharage naye alitoa kichwa, upawa mkononi, kutoa hukumu yake. Akisema unachechemea, ulichechemea, hata baba hakubisha.

Mwaka mmoja nilipendana na viatu vyenye bizimu nyekundu za kufungia. Vilikuwa vidogo, lakini nilikunja vidole ndani, nikatembea makatoni yote nikitabasamu, machozi yakinilengalenga. Nikaapa kwamba vinanitosha kabisa. Mama wa viatu alinitazama nikienda, akanitazama nikirudi, halafu akasema maneno ambayo nyumbani kwetu yaligeuka methali: "Mdomo inadanganyaka. Mguu haidanganye." Kaka yangu alinitania nayo hadi nikaolewa. Baba alitaka kunichapa palepale, lakini mama wa viatu akanivua vile viatu taratibu, akamwambia, "Papa, muache. Kupenda kitu kizuri haiko kosa."

Viatu vikishapatikana tulivuka kwa jirani kula kikomando, chapati zilizokatwakatwa na kumwagiwa maharage ya moto, tukiwa tumepakata maboksi yetu mapajani. Na kama baada ya wiki kiatu kilikubana, ulirudi. Mama wa viatu alikijaza karatasi mbichi, akakishindilia kwenye mguu wa mbao, akakuazima ndala za kurudia nyumbani. Kesho yake ulikikuta kimelegea. Kwa kazi hiyo hakutaka chochote. Alisema mguu wa mtoto ukishapita mikononi mwake ni wake.

Nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, na bahati ikanileta kuishi nyuma ya maduka yaleyale. Binti yangu alipoanza kutembea, kiatu chake cha kwanza alivishwa na mama wa viatu. Beseni lilikuwa jingine, mvi zilikuwa zimemjaa, na magoti yalilia alipopiga magoti, lakini kiganja kilikuwa kilekile. Tuliobadilika ni sisi. Kila mtu alikuwa na simu, na ndani ya simu maduka yasiyo na mlango. Nilimwona mwanamke mmoja akijaribu jozi nne, akapiga picha ya namba chini ya soli, akasema atarudi. Nilimsonya moyoni. Nikamwona hana haya.

Miezi haikupita mingi nikafanya lilelile. Nilimpeleka binti yangu kutafuta viatu vya shule. Mama wa viatu akamwosha, akamshika kisigino, akaleta viatu vyeusi vyenye ua dogo pembeni. Makatoni yakatandikwa. Mtoto akatembea vizuri. Nami, nikiwa nimesimama pale aliposimama baba yangu, nikachungulia simu na kuona viatu vinavyofanana na vile kwa bei nafuu kidogo. Tofauti yenyewe ilikuwa kilo mbili za sukari. Nikasema, "Mama, tutarudi kesho." Akasema, "Sawa, nitawawekea," akaviweka kando, juu ya rafu, mbali na vingine.

Mama yangu alikuwa akisema rahisi huvunja upishi. Nilikuwa nimesahau.

Unajua mji wetu ulivyo. Hakuna anayejua namba ya nyumba. Ukielekeza mtu unataja alama, mti, kanisa, kituo cha mafuta. Alama ya mtaa wetu tangu zamani ni duka la mama wa viatu, kwa hiyo usiku ule nilipoviagiza vile vya bei nafuu, mkono wangu uliandika kwenye simu bila mimi kufikiri: fika kwa mama wa viatu, kisha nipigie. Siku mzigo ulipokuja nilikuwa kwenye mkutano, simu imezimwa sauti. Kijana wa boda akapiga, akapiga, akachoka. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Akauacha pale alipoelekezwa.

Jioni nilipoona ujumbe wake, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaenda. Mama wa viatu alikuwa ameketi kwenye benchi lake, mzigo magotini. Mtu aliyeshika maboksi ya viatu maisha yake yote hahitaji kufungua ili ajue kilichomo, na zaidi ya hayo, juu ya karatasi palikuwa na picha ya kiatu na namba ileile aliyoipima kwa kiganja chake wiki iliyotangulia.

"Mama, kitu yako hii hapa," akasema. "Boda alikuita mpaka akachoka."

Ningeweza kusema kweli. Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ni vya mtoto wa dada yangu."

Dada yangu nina mmoja tu, rafiki yangu. Ana wavulana watatu wenye ndevu, na wote watatu mama yule ndiye aliyewavalisha viatu.

Hakucheka wala hakununa. Alinitazama namna alivyonitazama nilipokunja vidole ndani ya vile vya bizimu nyekundu. "Sawa," akasema, "mtoto wa dada yako. Hizi zinakazaka hapa mbele. Zikimukaza, umulete, nitazipanua." Akanipa mzigo kwa mikono miwili. Nilipogeuka niliona vile vya ua dogo bado viko peke yao juu ya rafu.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Kilichokuwa kikilitafuna duka lile hakikuwa bidhaa za China wala simu. Ni mimi, niliyeoshwa miguu humo.

Viatu vilibana, kama alivyosema. Binti yangu alichechemea wiki mbili, kidole kikatoka lengelenge, nami nikambandika plasta na kumwambia avumilie, atavizoea. Kumpeleka nilishindwa. Ningempeleka kwa uso upi, na kwa viatu vya nani? Nikaanza kupita kichochoro cha nyuma, kwenye matope na mbwa. Ndipo siku moja kuchechemea kukaisha. Nikashukuru Mungu, nikasema ngozi imelainika, yamekwisha.

Sasa juzi, kwenye barabara kubwa, niliutazama mlango wa pili. Maboksi hayapo, benchi halipo. Kuna rafu za chuma zimejaa vifurushi vya watu, kaunta isiyo na mtu, na kengele ya kubonyeza. Ni mahali pa kuchukulia mizigo iliyonunuliwa kwa simu. Mama wa maharage, naye amezeeka, aliniona kupitia kidirisha chake akatoka.

"Bambi, nnyabo, maskini mama yangu, ulipotea wapi? Mama alishaenda. Watoto wake walimuita ng'ambo, kule kwa baridi. Duka ilikuwa hapana watu tena. Wanakuja, wanaweka mguu, wanapiga picha, wanaenda." Akatazama mahali palipokuwa na mabenchi yake. "Na mimi vilevile. Napika, lakini hapana kuona mtu anashiba."

Nikamwomba namba ya simu. Akasema ile ya hapa ilizimwa tangu siku aliyoondoka.

Binti yangu alikuwa akisikiliza. Akanivuta mkono. "Mama, sasa nani atanipanulia viatu?"

Nikamuuliza kupanua vipi. Akanieleza kama jambo la kawaida tu. Alikuwa akirudi kutoka shule na watoto wa jirani, mama wa viatu akamwona anachechemea, akamwita. Akamwosha miguu, akaweka dawa kwenye lengelenge, akavijaza viatu karatasi mbichi na kuvivisha mguu wa mbao. Kesho yake asubuhi, akienda shule, akavipitia.

"Na siku hiyo ulirudi nyumbani umevaa nini?"

"Ndala zake. Zilikuwa kubwa. Hukuona."

Sikuona. Mtoto wangu aliingia nyumbani na ndala za mwanamke mzima, akalala, akaamka, akatoka nazo, nami sikuona. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Alinikataza. Alisema, 'Usimuambie mama, atasikia haya.'"

Nilisimama pale, vijana wa boda wakinizunguka na masanduku yao, nikalia. Alilijua la dada, akalijua la kichochoro, na bado aliona kinachofaa kufichwa ni aibu yangu. Miji hubadilika, nakubali, na hata mama wa maharage amekubali akaleta kaunta. Lakini katika mji huu wenye kila kitu sijui ni mlango upi mtu anaweza kubisha hodi leo, akashikwa kisigino na mtu anayefumba macho ili aujue mguu wa mtoto asiye wake.

Nikuambie na lililobaki, maana nimekwisha kuvuliwa nguo. Wiki ile binti yangu alipoacha kuchechemea, nilifurahi hata nikaingia kwenye simu, kwenye ukurasa wa wale waliouza vile viatu, wakaniomba maoni, nikayaandika. Jana usiku nilikwenda kuyatafuta. Bado yapo, na watu kumi na wanne wamebonyeza kwamba yamewasaidia. Niliandika hivi: "Vinabana kidogo mwanzoni, lakini msiogope, nunueni tu. Vinalainika vyenyewe."