Salamu ya Hamadi kwenye kilima cha Heru Juu

Leo nimelisimamisha gari la maiti katikati ya kilima.

Dereva akashtuka. "Mwalimu, tope hili! Tukisimama hatuondoki."

"Simama. Hamadi ana salamu yake hapa."

Nanyi mnaobishana humu kundini injini ya gari ikae wapi, nisikilizeni.

Miaka ya sabini rafiki yangu Hamadi, mwenye duka Kasulu, alikuwa na gari la mbio, injini katikati. Kwenye kona lilitulia, wallahi. Langu lilikuwa kobe, kale kagari ka mgongo wa duara, injini nyuma. Kwenye kona mkia ulitaka kutangulia, lakini uzito ulikalia matairi yanayosukuma, na tope lilikuwa si kitu.

Siku ya msiba wa mama yangu tulipanda kilima hiki, mimi mbele, yeye nyuma. Watu wakainama kando ya njia, wakapiga makofi. "Mwakeye!"

Nilisimama, nikashuka, nikaitikia, nikaondoka.

Hamadi akapita. Alijua gari lake likisimama pale topeni halitaondoka.

Kwetu Buha salamu hiyo haipitwi. Alipoingia msibani, mikono yote ilitulia, hakuna aliyempigia makofi.

 Alirudi kilimani kwa miguu, akawasalimu mmoja mmoja. Tangu siku hiyo gari aliliacha chini, akapanda akitembea.

Leo hakuweza kutembea.

Watu wakatoka mashambani, wakainama, wakapiga makofi taratibu.

Na kweli, gari likakwama.

Waliolisukuma mpaka juu ni watoto wa wale aliowapita siku ile.