Ng'ombe wa Mahari Kati ya Pundamilia

Saa tatu asubuhi, kwenye hifadhi ya wanyama kusini mwa Dallas, Texas. Twiga anaingiza kichwa kizima ndani ya gari la wazi la watalii na kulamba chakula kwenye kiganja cha mama mmoja. Abiria wanapiga mayowe. Mwandishi wa habari hizi, mzaliwa wa Arusha, anajikuta amejikunyata chini ya kiti.

Dereva, Macaire Nduwayo, hageuki hata kidogo. Kinachomvuta yeye kiko mbele, kwenye kona, katikati ya pundamilia: ng'ombe wekundu wenye pembe ndefu kuliko mkono wa mtu mzima.

"Wale ni ng'ombe wa kwetu Burundi, wa mahari," anasema. "Hapa watu wanalipa kiingilio kuwaona, eti wanyama wa porini. Siku ya kwanza nilidhani naota."

Siku hiyo alizima gari, akashuka, akamkumbatia mtamba mmoja shingoni na kumsifu kwa Kirundi, kama baba yake alivyofanya kila jioni kabla vita havijamaliza mifugo yao na kuwafukuza hadi kambini Tanzania. Abiria mmoja aliangua kilio, akidhani dereva anauawa. Kushuka ni mwiko wa kazi, naye akapewa onyo la mwisho.

Mwingine angenyamaza. Macaire, jamani, alirudi ofisini kuomba auziwe mtamba yuleyule! Mwanawe Nestor amechumbia binti wa Kirundi huko Sugar Land, karibu na Houston, na Warundi wa Texas siku hizi hupeleka bahasha ya dola na kuiita ng'ombe. Yeye hataki. Wakubwa walicheka, kisha wakakubali kwa sharti moja: asishuke tena hadi msimu uishe. Akishuka, kazi hana na mtamba hana.

Tunafika kwenye kona. Mtamba anakuja mwenyewe, anapitisha pua mlangoni na kumlamba Macaire mkono. Macaire anauma meno, anang'ang'ania usukani. Jasho linanitoka mimi.

"Subiri kidogo, mama," anamnong'oneza mtamba, kisha anaondoa gari.

Mkewe, Clothilde, ameshauliza ng'ombe atalala wapi kwenye mitaa ile ya wakwe yenye nyasi za kukatwa kwa mashine. Macaire amepata rafiki mwenye shamba nje ya Houston.

"Lakini kwanza nampeleka mlangoni kwa wakwe," anasema. "Baba wa binti naye alikimbia Burundi bila hata ndama. Nataka asikie harufu ya ng'ombe kabla hajaniona mimi."