Milango Arobaini, Jibu Moja

Mjukuu wangu Mdadisi anasomea sosholojia chuo kikuu, mwaka wa mwisho. Nilipomuuliza ndiyo elimu ya nini hiyo, akasema, "Ya watu, bibi. Kwa nini wanaishi wanavyoishi." Nikacheka hadi jino langu la mwisho likaomba ruhusa ya kutoka.

Jina hilo alipewa na mama yake, fundi cherehani, siku mtoto alipomuuliza mteja kwa nini anashonesha gauni jipya kila mumewe akisafiri. Alikuwa na miaka sita.

Basi chuo kikamtaka afanye utafiti. Usipopita, hakuna shahada. Akachagua jengo letu hili, milango arobaini: nani anaosha ngazi, na kwa nini. Akaja na karatasi za maswali. Mimi sijui kusoma, lakini mtihani naujua nikiuona. Nikajiambia, majirani hawa watamfelisha mtoto! Siku moja kabla hajaanza kuuliza nikapita kote, napanda kwa kasi hata paka akanipisha. "Akija, semeni tunaosha kwa zamu, kila Jumamosi, kwa upendo."

Wakasema vilevile. Hata kinyozi wa ghorofa ya tatu, ambaye ufagio anauona kwa jirani tu, naye alisema "kwa upendo."

Wiki iliyofuata Mdadisi akarudi mdogo kama kidole. "Mwalimu amekataa kazi yangu. Anasema watu arobaini hawawezi kuwa na jibu moja, nimeyatunga majibu. Nina siku kumi tu."

"Mbona wote wamepata?" nikasema. "Niliwafundisha mwenyewe."

Cherehani ya mama yake ikasimama. "Mama! Umemmaliza mtoto!"

Nikangoja kilio. Mdadisi akavuta stuli.

"Bibi, ulianza kwa nani?"

"Kwa muuguzi, hapo chini."

"Kwa nini yeye?"

"Wote hapa amewadunga sindano. Nani atambishia?"

"Kuna aliyekukatalia?"

"Fundi bomba. Alisema yeye hasemi uongo. Nikamkumbusha nani alimtafutia mke."

"Akasemaje?"

"Akasema hiyo ndiyo sababu nyingine ya kunikatalia. Lakini akakubali."

Mama yake akacheka bila kutaka. Mdadisi alikuwa anaandika mbiombio. "Kumbe ngazi si kitu. Bibi, kwa nini watu arobaini walikutii wewe?"

Nikafungua mdomo nimpe uongo wangu mmoja mzuri, ule wa mimi na chui. Haukutoka. Kusema kweli, hata mimi sijui.

Mwalimu amelikubali swali hilo jipya. Leo Mdadisi anapita tena mlango kwa mlango, na mimi nimepigwa marufuku kutoka hadi amalize. Namsikia anabisha kwa fundi bomba. Atasema nini juu yangu, yule? Nimefungua mlango kidogo tu, upana wa sikio.