Adabu ya Shemeji Pale Mokambo

Mdogo wangu alifia upande wa Rodesia, alikomfuata mumewe kwenye migodi ya huko, akaacha mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea vizuri. Mimi nilikuwa Elisabethville, upande wa Wabelgiji, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, mke wa mtu mwenye kazi na nyumba ya matofali, na sikuwa nimezaa. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nilikuwa nimechoka kuambiwa hivyo bombani na wanawake wenye watoto mgongoni na wengine tumboni, lakini siku habari ya msiba ilipofika niliishika methali hiyo kwa mikono miwili.

Kwetu hapakuwa na la kujadili. Sisi ni wenyeji wa hapahapa, tulikuwapo kabla ya mashimo ya shaba, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Kaka yetu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo mkubwa wa tumbo letu nilibaki mimi. Nilivuka mpaka kwenda matangani, na yalipoondolewa, shemeji alinikabidhi mtoto mbele ya wazee, bila kuombwa. Nilidhani yamekwisha.

Kumbe serikali ilikuwa haijaanza. Bwana wa kambi alikuwa amekwisha kutuonya kwamba mtoto aliyezaliwa nchi ya Waingereza haruhusiwi kulala kambini bila kibali. Nikamwacha kwa baba yake, nikarudi peke yangu. Mume wangu alitafuta cheti cha ndoa yetu ya kanisani, akatafuta neno la padri, akatafuta neno la daktari, na kila ofisi ilimsukuma kwa nyingine. Magauni niliyomshonea mtoto yakawa madogo kabla hajayavaa. Nikashona mengine, kwa hasira.

Mwishowe wakasema limebaki jambo moja: baba aje ofisini Mokambo, mpakani, aseme kwa kinywa chake kwamba ananipa mtoto. Nilicheka kwa furaha. Mume wangu alinyimwa ruhusa kazini, nikaenda mwenyewe.

Shemeji alifika amevaa koti, mtoto kamshika mkono. Alisimama mbali nami, macho chini, kama mwanamume aliyelelewa anavyosimama mbele ya wakubwa wa mkewe. Mtoto nilimpakata, akala mkate wangu wote. Mzungu wa ofisi alikuwa kijana mwenye homa, wala hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kwa Kifaransa, na karani wake, mtu wa mbali asiyejua mila zetu, akatafsiri: huyu ni mtoto wako?

Kwetu swali hilo, likiulizwa mbele ya wakwe, lina jibu moja tu la adabu. Shemeji akalitoa.

“Hapana, Bwana. Mie sina na mutoto. Ule mutoto iko wa bale ba mama yake. Mie nilimuchunga tu.”

Moyo wangu ulijaa kusikia mtoto akiitwa wa watu wa mama yake. Nilijiambia kwamba marehemu aliolewa na mtu wa heshima. Mzungu akauliza tena kwa sauti ya juu. Shemeji akadhani hakusikika vizuri, akarudia maneno yaleyale, na safari hii akanigeukia, akapiga makofi taratibu ya kuniheshimu. Mzungu akaandika. Karani akanitazama kwa huruma.

“Mama, Bwana anasema, kintu haiko yake, atakipana namna gani?”

Nikaanza kueleza ukoo, tumbo, kaka aliyekufa. Shemeji, jasho linamtoka, akasema basi, mtoto ni wake. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mzungu alisema mtu huyu amekana mara mbili na sasa anakiri, na kwamba pale mpakani kuna wanaouza watoto. Kibali kikakataliwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Mtoto alirudi na baba yake bila kulia, maana alikuwa ameambiwa anasafiri, na kurudi nako ni kusafiri.

Mume wangu, mtu wa kaskazini, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba kwao baba angejipiga kifua, aseme, “Mtoto ni wangu, na ninampa huyu,” na leo tungekuwa watatu mezani. Alisema kweli. Sikumsamehe kwa muda mrefu.

Tulijaribu tena, tukagonga milango ileile. Shemeji akaoa mke mwingine, na mke huyo hakutaka kulea mtoto wa ukoo wa watu. Siku moja shemeji alikuja kwetu kwenye msiba, akakaa pembeni, akasema bila kuinua uso kwamba amempeleka mtoto kwa masista wa upande ule, na kwamba wamekwisha kumhamishia misheni ya mbali asiyoijua jina.

Nilimuuliza masista walisema nini. Akanijibu kwamba walimuuliza kama mtoto ni wake. Akakumbuka Mokambo, akaogopa kusema ndiyo, akaogopa kusema hapana, akanyamaza. Wakamwandika mtoto asiye na watu.